Nani Aliyekunywa Maji ya Ziwa?

Mwaka 2006, mtu aliyetoka Hamugembe akateremka mpaka ufukoni Bukoba aliweza kutembea kwa miguu mikavu mahali ambapo miaka mitatu tu kabla yake palikuwa na maji. Mashua zilikaa mchangani kama ng'ombe waliolala. Wavuvi walilazimika kuzisukuma mbali kabla ya kuzipandia, na wanawake waliozoea kuteka maji karibu walitembea hatua nyingi zaidi juu ya mchanga mpya ulionuka majani yaliyooza.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo, wakati huo akiwa kijana, naye alisikia mabishano ya watu watatu penye mchanga ule. Wa kwanza alisema kuwa jua ndilo lililokausha ziwa, maana mvua za miaka ile zilikuwa haba. Wa pili alisema kuwa sivyo; Waganda wamefungua milango ya bwawa lao kule Jinja ili wapate umeme, na maji yetu yamekwenda Misri. Wa tatu, mzee wa makamo ya babu yetu, alisema kwa upole kuwa Mugasha amekasirika. Vijana tukamcheka. Lakini leo, tukikumbuka siku ile, twaona kuwa hatukuwa na haki ya kucheka. Katika watu wale watatu hakuna hata mmoja aliyekuwa na hesabu mkononi. Kila mmoja alisema aliyoyaamini, na mzee wetu alikuwa na adabu zaidi katika kuyasema.

Kisha Mei 2020 ikafika, na ziwa lile lile likapanda hata kupita kiwango cha mwaka 1964, ambacho kwa miaka 56 kilikuwa ndicho cha juu kabisa katika vipimo. Waliokuwa wamejenga na kulima juu ya mchanga wa mwaka 2006 walifukuzwa na maji. Mabishano yakaanza upya kwa kugeuzwa: sasa ni nani aliyelijaza?

Ndugu msomaji, swali hili si la wavuvi peke yao. Ni swali la mfanyakazi ambaye taa yake inazimika, la mkulima anayeambiwa aache kumwagilia, na la kila mwananchi ambaye siku moja ataitwa katika mkutano na kuambiwa kuwa yeye ndiye aliyemaliza mto. Hapana budi ajue jinsi hesabu ya maji inavyofanywa, ili aweze kuuliza, na akiulizwa aweze kujibu.

Wataalamu wa maji wana kitu wanachokiita mtiririko wa asili. Si maji unayoyaona mtoni leo. Ni maji ambayo yangepita mtoni leo kama mwanadamu asingeutia mkono wake: asingejenga bwawa, asingechimba mfereji, asingevuta bomba. Maji hayo hayaonekani kwa macho, wala hakuna fimbo ya kuyapima. Yapatikana kwa hesabu tu. Na hesabu yenyewe, kwa mtu wa Bukoba aliyekulia katika ushirika wa kahawa, si ngeni hata kidogo.

Tuseme mkaguzi anafika katika ghala la chama cha msingi na kukuta magunia 30. Aweza kusema kuwa wakulima wa kijiji kile walileta magunia 30? Hawezi. Atauliza kwanza: ni mangapi yamekwisha kupelekwa kiwandani? Tuseme ni 50. Hayo atayaongeza. Atauliza tena: je, katika haya yaliyomo, yako yaliyoletwa kutoka ghala la kijiji jirani? Tuseme ni 10. Hayo atayatoa. Basi wakulima wa kijiji walileta 70. Kisha, akiwa mkaguzi mwenye akili, atauliza jambo la tatu, yaani kahawa ilipoteza uzito kiasi gani kwa kukauka, maana si kila kilo iliyopungua imeibwa. Mkaguzi atakayesahau swali hili la mwisho atamfunga karani asiye na hatia.

Mto nao ni hivyo hivyo. Unasimama mahali penye kipimo, unaandika maji yanayopita. Unaongeza yale yaliyochukuliwa huko juu yasirudi. Unaongeza yale ambayo bwawa limeyazuia mwezi huo. Au, kama bwawa limefungulia akiba yake, unayatoa. Unatoa pia maji yaliyoingizwa kutoka bonde jingine. Unakumbuka kuwa bwawa lenyewe, kwa kuwa limetandaza maji juani, limepaisha mvuke ambao mto mwembamba usingeupaisha; na huo nao waongezwa. Kinachobaki mwisho wa ukurasa ndicho mto wenyewe.

Yafaa kutofautisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, yaani kutumia na kumaliza. Mtambo wa umeme hutumia maji mengi mno, lakini hauyanywi. Huyapitisha katika mashine na kuyarudisha mtoni hatua chache chini. Mitambo ya Rusumo katika mto Kagera, yenye nguvu ya megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, ni ya namna hiyo, maana haina bwawa kubwa la kuweka akiba. Lakini shamba la miwa au la mpunga likinyweshwa, sehemu kubwa ya maji yake hupaa angani kwa majani na kwa jua, nayo haitarudi katika mto ule. Katika hesabu, la kwanza haliandikwi kabisa au laandikwa kidogo; la pili laandikwa lote lililopotea. Mtu akija mkutanoni na kuwajumlisha wawili hao chini ya jina moja la watumiaji wa maji, mwulizeni mara moja ni maji kiasi gani yaliyorudi.

Sasa turudi ziwani, maana pale Jinja ndipo lilipo somo kubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki.

Zamani ziwa letu lilitoka kwa mlango mmoja tu, maporomoko ya Ripon. Chini ya maporomoko hayo palikuwa na kizingiti cha mwamba. Mwamba huo ndio uliokuwa mlinzi wa ziwa: ziwa likipanda, maji mengi zaidi yaliruka juu yake, ziwa likishuka, maji yalipungua. Haukuhitaji karani wala sheria. Waingereza walipotaka kujenga bwawa la Owen chini kidogo ya hapo, mwamba ule ulipaswa kuvunjwa, na Misri, inayoishi kwa mto Nile, ikauliza: mlinzi akishaondoka, nani atakayejua maji halali ni kiasi gani? Jibu likapatikana katika mapatano yaliyoanza mwaka 1949. Walichukua vipimo vya miaka mingi vya kina cha ziwa na vya maji yaliyotoka, wakachora mstari. Ulijulikana kuwa ni Mchoro wa Mapatano. Bwawa, lililofunguliwa mwaka 1954, lilitakiwa kutoa maji yale yale ambayo mwamba ungeyatoa, na mhandisi wa Misri akakaa Jinja kutazama.

Mchoro huo wasema hivi. Kipimo cha Jinja kikionyesha meta 11, maji ya halali kutoka ni karibu meta za ujazo 620 kila sekunde. Kikionyesha meta 12, ni karibu 1,100. Kikionyesha meta 13, ni karibu 1,700. Meta moja ya ujazo, kwa wasiozoea, ni debe 50. Basi hata katika ziwa la wastani, kila unapofumba jicho na kulifumbua, madebe elfu hamsini yamekwisha kupita.

Kwa muda mrefu watu waliufuata mchoro huo kwa uaminifu, na kwa sababu hiyo bwawa la Owen halikubadili ziwa kwa jambo la kupimika. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru wake, ziliinua ziwa kwa meta mbili na zaidi hata kufika mwaka 1964. Wengi waliona kuwa bwawa jipya ndilo lililofanya hivyo. Daftari likawajibu kuwa ni mvua. Tukumbuke kuwa ziwa hili ni la ajabu: zaidi ya robo tatu ya maji yote yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mito yote pamoja, Kagera ikiwamo, huleta kilichobaki. Na katika kutoka, jua hunyonya maji mengi kuliko mto Nile. Ni sinia pana lililowekwa nje: mvua ikizidi kidogo lajaa, jua likizidi kidogo lapungua.

Hali ilibadilika baada ya mwaka 2000. Uganda iliongeza mtambo wa pili pale pale Jinja, wa Kiira, kando ya ule wa zamani ambao sasa waitwa Nalubaale. Kwa mitambo miwili iliwezekana kupitisha maji mengi kuliko mwanzo. Mahitaji ya umeme yalikuwa yakikua mwaka hata mwaka, na mvua zilipoanza kupungua, milango haikufungwa kwa kadiri ya mchoro. Ziwa likashuka kwa zaidi ya meta moja kati ya mwaka 2003 na mwisho wa mwaka 2006, likafika chini kuliko lilivyokuwa kwa miaka 80 hivi.

Hapo ndipo kazi ya wahasibu wa maji ilipoonekana faida yake. Mapema mwaka 2006 Daniel Kull, mtaalamu wa maji aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alitoa hesabu yake: katika mshuko wa miaka ya 2004 na 2005, zaidi kidogo ya nusu ilitokana na maji yaliyofunguliwa kupita mchoro, na iliyobaki ilitokana na ukame. Mwaka 2007 J. V. Sutcliffe na G. Petersen walitoa hesabu nyingine iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Nao wakaona kuwa nusu hivi ilikuwa ya ukame na nusu hivi ya mwanadamu.

Basi katika ule ubishi wetu wa ufukoni, wa kwanza alisema kweli, na wa pili alisema kweli, na wote wawili walikosa kwa kudhani kuwa kweli yao ndiyo yote.

Tueleze jinsi Sutcliffe na mwenzake walivyofanya, maana njia yao ni nzuri na yaweza kufuatwa hata na mtu mwenye elimu ya darasa la saba na subira. Tuseme mwezi fulani Jinja ilitoa meta za ujazo 400 kila sekunde kupita haki. Kwa mwezi mzima ni kiasi cha meta za ujazo bilioni moja. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na kila sentimeta moja ya kina chake ni meta za ujazo milioni 688. Basi maji yale yaliyozidi ni sentimeta moja na nusu ya ziwa zima. Unaandika: bila ya kosa hili, ziwa lingekuwa juu zaidi kwa sentimeta moja na nusu. Lakini usiishie hapo! Ziwa lililo juu zaidi lingetoa maji mengi zaidi kwa haki yake, kwa kuwa ndivyo mwamba ulivyokuwa ukifanya. Kwa hiyo mwezi wa pili hupimi tena kwa ziwa unaloliona. Unapima kwa ziwa la daftarini, lile ambalo lingekuwapo. Na mwezi wa tatu vivyo hivyo, mpaka miaka imalizike. Mwisho unapata maziwa mawili, moja la maji na jingine la hesabu, na tofauti ya kina chao ndiyo deni la mwanadamu.

Ni lazima tuwe waadilifu hapa. Ni rahisi mtu wa Bukoba kuwanyooshea kidole ndugu zetu wa Uganda. Lakini kwa miaka mingi umeme uliowaka Hamugembe ulitoka wapi? Ulitoka Uganda, ukapita Masaka na Kyaka, ukaingia majumbani mwetu. Taa iliyomwangazia mvuvi alipokuwa akilalamika juu ya ziwa kushuka ilikuwa inawaka kwa ziwa lile lile. Twasema hivi si kwa kumtetea mtu aliyevunja mapatano. Twasema kwa sababu hesabu ya haki huandika pande zote mbili za ukurasa.

Na tukiwa katika haki, tuseme pia juu ya bomba la Ihelele. Tanzania ilipoamua kuyapeleka maji ya ziwa kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, hadi Kahama na Shinyanga, palizuka kelele nyingi huko nje kwamba twainyima Misri maji. Mradi ule ulijengwa kwa uwezo wa meta za ujazo 80,000 kwa siku. Idadi hiyo ni kubwa kwa sikio. Igawe kwa sekunde za siku nzima, nawe utapata pungufu ya meta moja ya ujazo kwa sekunde, mahali ambapo Jinja hutoa mamia, pengine elfu moja na zaidi. Kwa mwaka mzima mradi ule hauwezi kulishusha ziwa hata nusu milimita. Mama wa Shinyanga aliyeteka maji safi hakumkausha mtu yeyote. Lakini bila ya kugawanya idadi ile, mwananchi mwema angeweza kusikia aibu kwa jambo lisilo na aibu.

Wazee wa siasa watakumbuka kuwa jambo hili lina mizizi. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana kwamba pasifanyike kazi yoyote katika mto Nile na maziwa yake ya upande wetu itakayoipunguzia Misri maji bila ya Misri kukubali. Sisi hatukuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudani kwamba mapatano yale hayaifungi Tanganyika. Mwaka 2010 mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile ulitiwa sahihi Entebbe, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliotia sahihi siku ya kwanza, na tarehe 13 Oktoba 2024 ukaanza kutumika. Mkataba wataka kila nchi itumie maji kwa haki na kwa kiasi. Vema sana. Lakini kiasi ni neno la mizani. Nchi isiyojua mto wake ungekuwa na maji kiasi gani kwa asili yake itaingia katika mkutano na maneno matupu, na wenye madaftari watayaandika maneno yale kadiri wapendavyo.

Asije mtu akadhani kuwa makosa ya hesabu hufanywa kwa majirani tu. Nyumbani kwetu iko habari ya Ruaha Mkuu.

Mto huo hukusanya maji ya milima ya Mbeya na Njombe, ukaingia katika nyanda za Usangu, ukaenea katika bwawa la matete la Ihefu, na kutoka kwa mlango wa mwamba unaoitwa Ng'iriama. Tazama, ndugu, jinsi Mungu alivyorudia kazi yake: Ihefu ni ziwa dogo, na Ng'iriama ni Ripon yake. Kutoka hapo mto hupita katika hifadhi ya Ruaha na kufika Mtera, kisha Kidatu, ambako umeme wa nchi ulitegemea sana maji hayo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 mto ulianza kukatika kabisa hifadhini wakati wa kiangazi, na miaka ile ile nchi ikapata mgawo wa umeme. Mambo mawili yalipotokea pamoja, watu waliyafunga kwa kamba moja. Ikasemwa kuwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu ndio waliozima taa za Dar es Salaam.

Watafiti walipokwenda kufanya hesabu mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye, waliona kuwa kamba ile ilifunga vitu viwili visivyohusiana. Kinachojaza Mtera ni mafuriko ya masika, na maji ya kiangazi ni sehemu ndogo sana ya yaingiayo kwa mwaka. Hata kama wakulima wangeyachukua yote ya kiangazi, bwawa lisingekauka kwa sababu hiyo. Sababu kubwa ya bwawa kukauka ilikuwa jinsi lilivyoendeshwa, maana maji yalifunguliwa kwa wingi kuliko yaliyokuwa yakiingia. Katika shitaka la umeme, basi, mkulima wa Usangu aliachiliwa. Lakini hesabu hiyo hiyo ilimtia hatiani katika shitaka la pili. Mifereji iliyoendelea kuvuta maji mwezi wa Agosti na Septemba, hata mahali ambapo mpunga ulikwisha kuvunwa, ndiyo iliyoinyima Ihefu maji ya kutosha kufika kizingiti cha Ng'iriama. Viboko waliokufa katika matope ya hifadhi hawakuuawa na ukame peke yake.

Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Twaandika jambo hili kwa uzito, maana familia nzima zilihama nchi waliyoizoea. Hatusemi kuwa serikali haina haki ya kulinda vyanzo vya maji. Twasema kuwa mtu anapotakiwa kuondoka kwa sababu ya maji, daftari la maji lingewekwa mbele yake kwanza, naye aonyeshwe mstari wenye jina lake.

Haya yote yatufikisha katika mito yetu wenyewe. Kagera hupimwa Kyaka, na wastani wake ni zaidi ya meta za ujazo 200 kwa sekunde. Maji yanayopita hapo yamekwisha kupita katika mabonde ya Rwanda na Burundi, katika mashamba yao, na katika mabwawa ya matete yanayonyonya mengi kwa jua. Maji yaliyonyonywa na matete yale hayaongezwi katika hesabu, kwa kuwa ndiyo asili yenyewe. Yaliyochukuliwa na mifereji yaongezwa. Huku kwetu Misenyi liko shamba kubwa la miwa linalonyweshwa kwa maji ya Kagera. Swali la kwanza la mhasibu si kama shamba hilo lapendwa au halipendwi. Atauliza kama bomba lake liko juu ya kipimo au chini yake. Likiwa juu, maji yake yaongezwe; likiwa chini, yasiguswe, maana kipimo kilikwisha kuyahesabu.

Ngono, unaotoka pande za Muleba na Bukoba ukaungana na Kagera karibu na Kyaka, ni mto ambao mipango ya kumwagilia bonde lake imesemwa kwa miaka mingi. Siku mipango hiyo itakapotimizwa, itatolewa vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ndiyo itakayovitoa. Kibali ni hundi. Je, atakayeitia sahihi atakuwa amejua akiba iliyomo benki? Mikaratusi iliyopandwa mabondeni, mashamba ya mboga yaliyoingia katika ardhi ya majimaji, mifereji midogo ya kila mtu, hayo hayana kibali na hayamo katika daftari lolote. Kwa maoni yetu hapo ndipo hesabu ya Ngono itakaposumbua watu, kuliko penye mashamba makubwa, maana kubwa huonekana.

Na Kanoni, mto wetu mdogo unaokatiza mji wa Bukoba, una kichekesho chake. Mji huvuta maji ziwani kwa mashine na kuyagawa kwa mabomba. Yakishafuliwa nguo na kuoshewa vyombo, sehemu yake huishia mitaroni na mitoni. Basi siku za kiangazi, mtu anayesimama darajani na kusema kuwa Kanoni bado una nguvu, huenda anatazama maji ya ziwa yaliyopanda kilima kwa bomba na kurudi kwa miguu. Hayo katika hesabu hutolewa. Na mvua kubwa inapomwagika juu ya mabati na lami mahali palipokuwa na migomba, mto hujaa kwa saa moja na kuingia nyumbani mwa watu, kisha kesho yake umekwisha. Hapo mwanadamu hakuchukua maji wala hakuyaongeza. Ameyaharakisha tu, na mhasibu wa mwezi hatayaona kabisa. Atakayeyaona ni mhasibu wa saa.

Kwa sababu hiyo hatutaki mengi. Vipimo vilivyong'olewa au kusombwa katika mito ya Kagera virudishwe. Anayevisoma alipwe ujira wake bila ya kucheleweshwa, maana ndiye karani wa ghala zima, na siku asiyoisoma hakuna mtaalamu wa Mwanza wala wa London awezaye kuisoma kwa niaba yake. Kila mwenye bomba au mfereji aandike alichochukua na kilichorudi, mkubwa kwa mdogo. Na hesabu ikishafanywa isifungiwe kabatini. Ibandikwe pale pale ushirika unapobandika bei ya kahawa, kwa Kiswahili, kwa meta na kwa debe: kiasi kilichopita, kiasi kilichochukuliwa, na kiasi ambacho kingepita.

Yule mzee wa ufukoni amekwisha kufariki. Katika mwaka wa mafuriko tulimkumbuka, kwa kuwa maji yalifika karibu na mahali alipokuwa ameketi siku ile. Kijana mmoja alituuliza kama safari hii tena ni Jinja iliyofunga milango. Tulimwambia atazame mchoro: ziwa likifika kipimo lilichofika Mei 2020, mwamba wa Ripon ungetoa karibu meta za ujazo 2,000 kila sekunde. Aulize milango ilitoa kiasi gani katika miezi ile, alinganishe, kisha atuletee jibu lake tulichapishe.